Mstari wa Mia na Kumi na Mbili

Kompyuta ya kiwandani ilikufa siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, siku kumi na tisa baada ya Fundi. Fundi aliumwa siku nne. Kompyuta haikuumwa hata moja. Ilitoa mlio kama wa mtu anayesafisha koo, kioo kikawa cheusi, na mashine ya kuchapa iliyounganishwa nayo ikasimama katikati ya ukurasa, karatasi ikining'inia nje kama ulimi.

Dada yake Fundi alikuwa mezani kwake, akipaka gundi mgongo wa kitabu. Hakuacha. Gundi ikishapakwa haimsubiri mtu. Alimaliza mgongo ule, akaubana kwenye jiliwa, akafuta mikono kwa kitambaa, ndipo akaja kutazama.

"Imekufa," akasema.

"Nimesikia," akajibu Mhakiki kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba vitatu na stoo. Kilichapa vitabu vya wasioona, kwa nukta nundu, yaani zile nukta zinazotokeza juu ya karatasi nene na kusomwa kwa ncha za vidole. Fundi alikuwa anashughulika na kompyuta na mashine. Mdogo wake huyu alikuwa anajalidi vitabu, na kwa kuwa mikono yake haikuwahi kukauka gundi, kaka yake alimwita Gundi, na kiwanda kizima kikafuata. Mhakiki alikuwa mama wa makamo, asiyeona tangu utoto, na kazi yake ilikuwa kupitisha vidole kwenye kila ukurasa kabla haujatoka kwenda kwa msomaji. Ukurasa wenye kosa aliukunja mara mbili na kuukalia. Jioni ulijua siku ilikuwaje kwa kuangalia urefu wa Mhakiki kitini.

Mkurugenzi alikuja kutoka chumba cha tatu, akaitazama kompyuta kwa muda kama mtu anayemtazama mgeni ambaye hakubisha hodi.

"Na mtihani?" akauliza.

Mtihani ulikuwa wa hesabu, wa wanafunzi arobaini na mmoja wa shule ya wasioona. Wangeufanya Jumatatu. Maandishi yake yalikuwa salama kwenye diski ya pembeni, lakini maandishi si karatasi. Kati ya diski ile na mashine ya kuchapa ilitakiwa kompyuta inayojua mashine ile, na mashine ile ilikuwa na miaka ishirini na mbili na tabia zake. Aliyezijua tabia hizo alikuwa amezikwa.

Mkurugenzi alipiga simu kwa kampuni moja ya kompyuta, akarudi na majibu. Vijana wa kampuni wangekuja Alhamisi mchana. Wangefuta kila kitu na kuweka mfumo wao. Mashine ya kuchapa hawajawahi kuona ya namna hiyo, walishauri itafutwe nyingine.

"Kwa hiyo nakupeni mpaka Alhamisi saa sita," akasema. "Diski mpya ninayo stoo. Ikifika saa sita haijachapa, nawaachia wale vijana, na shule naiambia watoto wasomewe mtihani."

"Wasomewe hesabu," akasema Mhakiki.

"Nifanyeje, Mama?"

"Mimi nilisomewa hesabu. Mwalimu alikuwa na kikohozi. Kila akikohoa nilipoteza namba. Nilipata kumi na saba."

"Kati ya ngapi?"

"Hilo nalo alikohoa."

Mkurugenzi akarudi chumbani kwake. Gundi alibaki amesimama mbele ya kioo cheusi. Miaka kumi na minne kaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti kile. Kila kitu alichokifanya humo sasa kilikuwa kimebakiza siku mbili, halafu waje watu wasiomjua wakifute, tena kwa nia njema.

Fundi alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na alikuwa mtoto wa aina ile ambaye nyumbani kwao saa ya ukutani haikai na amani. Alimaliza kidato cha nne bila makeke. Kompyuta alijifunza kwa kukaa karibu nazo. Kiwandani alikuja kurekebisha waya mmoja, akaambiwa asubiri chai, na chai ile aliinywa miaka kumi na minne. Jumapili aliimba sauti ya nne kwenye kwaya. Hakuwa mwimbaji mzuri ila alikuwa na uhakika, na sauti ya nne mara nyingi haihitaji zaidi ya hapo.

Jambo lililombadilisha lilitokea kompyuta ya kwanza ilipoharibika, miaka sita kabla ya hii. Kwa miaka minane alikuwa ameitengeneza kidogo kidogo, leo hapa, kesho pale, kila kitu kwenye faili lake na kila faili mahali pake pa kujificha. Ilipokufa akaanza kukumbuka. Mambo mengine alikuwa ameyaandika nyuma ya kalenda. Mengine yalikuwa kichwani, na kichwa kilikuwa kimeshapata matumizi mengine. Namba moja, iliyo muhimu kuliko zote, aliiandika ukutani kwa penseli, na Mkurugenzi alikuwa amepaka ukuta rangi.

Bila namba ile mashine iliruka nusu mstari kila ikifika katikati ya ukurasa. Kitabu cha sayansi kikatoka hivyo. Mhakiki alikipitisha vidole kurasa nne, akasema, "Fundi, humu samaki wamepanda mti." Ilimchukua siku ishirini na tatu kuipata namba tena, kwa kujaribu moja baada ya nyingine. Alikonda. Mkewe alidhani ana mwanamke mwingine, akaja kiwandani kuhakikisha, akamkuta amekumbatia mashine.

Baada ya hapo akatafuta njia, akaipata. Ilikuwa aina fulani ya Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambayo mambo yote ya kompyuta yanaandikwa kwenye faili moja. Siku hiyo alikuja kwenye meza ya mdogo wake na uso wa mtu aliyeokoka.

"Gundi, sikiliza. Kompyuta ya kawaida ni kama nyumba ambayo mtu amekaa miaka kumi. Mwulize msumari ule ameupiga lini, na kwa nini, hajui. Hii yangu sivyo. Naandika kwenye faili moja: hapa mlango, hapa dirisha, hapa msumari. Halafu naiambia jenga. Inajenga. Nikiufuta msumari kwenye faili nikasema jenga, msumari haupo."

"Na tundu lake?"

"Tundu pia halipo."

"Hiyo si nyumba, kaka. Hayo ni masimulizi ya nyumba."

"Ndiyo hivyo," akasema kwa furaha. "Na masimulizi hayaungui."

Tangu siku hiyo alikuwa na sheria moja: kisichomo kwenye faili hakipo. Ukimwomba akuwekee programu, alifungua faili, akaandika mstari, akasema jenga. Ukigusa kitu kwenye kompyuta bila kupitia kwenye faili, kesho yake kilikuwa hakipo, na Fundi alikuwa anakutazama. Alitaka hata nyumbani kwake wawe na daftari moja la mambo yote: funguo ziko wapi, mtungi wa gesi ulibadilishwa lini, nani anaumizwa na karanga. Mkewe alimwuliza, "Na mimi niko mstari wa ngapi?" Akasema wa kwanza. Mkewe akasema basi afunge daftari, maana waliobaki wote anawajua.

Faili lile Fundi aliliweka mahali patatu. Moja lilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe, ambayo sasa ilikuwa imekufa. La pili lilikuwa kwenye flashi ndogo aliyotembea nayo.

Jumanne hiyo hiyo mchana Gundi alienda nyumbani kwa wifi yake kuitafuta. Walipekua droo, wakapekua begi la kazini, wakapekua mkebe wa vifungo. Kisha wifi yake akakaa kitandani.

"Wifi, aliiweka wapi siku zote?" akauliza.

"Mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo," akajibu Gundi. "Alisema hapo haiwezi kupotea."

"Koti lipi?"

"La kijivu," akasema Gundi.

La kijivu ndilo wifi yake alilolichagua, kwa kuwa ndilo lililomkaa vizuri mabegani, na ndilo alilozikwa nalo Jumamosi ile.

"Basi haijapotea," akasema wifi yake hatimaye. "Tunajua ilipo." Akajifuta macho kwa upindo wa khanga, akainuka kumpikia chai, na walipokwisha kunywa wakasali pamoja, sala fupi, kwa sababu walijua wote wanaomba nini na Mungu naye alijua.

Jumatano asubuhi Gundi alifika kazini saa mbili kasoro, kama kawaida yake, akaenda kwanza kwenye trei ya mashine kuchukua karatasi. Mkono wake ulienda wenyewe. Kila asubuhi, miaka sita sasa, alikuta pale karatasi moja iliyochapwa nukta chache, akaichukua akaitandika mezani ili gundi isichafue meza. Alidhani ni mazoea ya mashine, kama jogoo anavyowika. Leo trei ilikuwa tupu. Alisimama pale kwa muda mkono ukiwa ndani ya trei.

"Unatafuta nini?" akauliza Mhakiki, ambaye daima alifika kabla ya kila mtu.

"Karatasi ya kutandika."

"Chukua moja humu chini yangu. Za jana ziko tatu."

Gundi akavuta karatasi chini ya Mhakiki, akaitandika, na alipokuwa anainyoosha akatulia.

"Mama. Kile kitabu cha kijani."

"Kipi?"

"Kile alichokuwa ananiletea nikijalidi kwa kitambaa cha kijani. Kila baada ya miezi michache kipya, cha zamani anachana. Mimi nilidhani ni maelezo ya mashine."

Mhakiki aliweka mikono yake magotini. "Hilo ndilo faili," akasema taratibu. "Alikuwa ananipa nihakiki. Kila nukta. Nilimwambia, Fundi, hii si lugha ya watu. Akasema, Mama, wewe soma kilichopo, usitafute maana."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa tatu. Fundi, aliyekuwa haamini diski wala ukuta, aliliamini jambo moja alilolijua kwa macho yake: karatasi nene ikishatobolewa nukta haifutiki kwa umeme kukatika. Kitabu kilikuwa kwenye rafu ya stoo, kati ya kamusi na chungu cha gundi. Kurasa sitini na moja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maelezo ya kuanza na orodha ya alama. Kulikuwa na tatizo moja dogo. Gundi alijua kuchapa kwa kompyuta ila hakujua kusoma nukta nundu. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa nje ya kurasa. Mhakiki alisoma nukta nundu kuliko mtu yeyote, ila kioo cha kompyuta kwake kilikuwa ubao tu.

"Basi nitakusomea," akasema Mhakiki. "Wewe chapa unachosikia. Usitie akili yako."

"Sina mpango nayo."

Walibadilisha diski, wakafuata yale maelezo ya kuanza mpaka kioo kikawaka, wakaanza. Alama zile Fundi alikuwa amezipa majina ili Mhakiki asipate shida: mabano yaliyopinda aliyaita masharubu, alama ya sawasawa aliiita reli mbili, na ile ya mistari minne iliyokatana, ambayo kwenye simu watu huiita reli, aliiita reli nne. Kila kitu kwenye faili kiliishia na nukta-mkato. Maneno ya mashine yalikuwa ya Kiingereza, na hayo Mhakiki aliyataja herufi kwa herufi, bila kuyaonea huruma. Majina aliyoyatunga Fundi mwenyewe, na yote yaliyofuata reli nne, yalikuwa ya Kiswahili.

"Reli nne," akasoma. "Kuanzia reli nne mpaka mwisho wa mstari mashine haisomi. Ni kwa ajili ya watu." Akatulia. "Hilo limeandikwa hivyo hivyo. Lichape."

Gundi akalichapa. Ikawa kila baada ya mistari michache kaka yake anazungumza, kwa sauti ya Mhakiki. Penye namba ya mashine ya kuchapa aliandika: usibadilishe, usijaribu hata kwa mzaha, samaki watapanda mti. Penye saa ya kompyuta: iko mbele dakika tatu kwa makusudi, ni kwa ajili ya Mkurugenzi. Penye orodha ya watumiaji: huyu asipewe ruhusa ya kuweka programu, ameshaweka mara mbili.

"Huyu nani?" akauliza Mkurugenzi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi nasoma kilichopo," akasema Mhakiki.

Mkurugenzi aliitazama saa yake, akaitazama ya ukutani, akaondoka.

Mchana walipumzika kidogo, Gundi akanyoosha vidole. Waliporudi, kwenye ukurasa wa arobaini na tisa, Mhakiki alisoma mistari mitano ya Kiingereza iliyohusu saa mbili kasoro dakika kumi, kila siku, kuchapa ukurasa mmoja. Kisha akasema, "Reli nne. Gundi anahitaji karatasi ya kutandika mezani, na ni mtu asiyeomba. Achapiwe moja kila asubuhi kabla hajafika."

Gundi alichapa mpaka neno la mwisho. Akaweka nukta, ingawa nukta haikuwemo.

"Umenyamaza," akasema Mhakiki.

"Nachapa."

"Hayo maneno umeshayamaliza. Nimesikia."

"Endelea, Mama."

Mhakiki akaendelea. Jioni walikuwa wamemaliza mistari mia mbili na thelathini na nne. Gundi alitaka kusema jenga, lakini Mhakiki akasema vidole vyake na macho ya mwenzake vyote vimechoka, na mtu aliyechoka hukubali kosa lolote ilimradi aende nyumbani. Wakafunga.

Alhamisi saa mbili na nusu Gundi alisema jenga. Yaani alichapa amri iliyokuwa kwenye ukurasa wa kwanza, akabonyeza, akafumba macho, akaomba. Alipofumbua, mashine ilikuwa imekataa. Ilisema kuna kosa mstari wa kumi na nane. Hapo palikosekana nukta-mkato. Akaiweka. Ikakataa tena, mstari wa hamsini na saba. Masharubu yalikuwa yamefunguliwa mara mbili. Akarekebisha. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, na wote wawili walianza kuwa na matumaini, jambo ambalo Mhakiki alilionyesha kwa kuvua viatu.

Ikakataa mara ya tatu.

"Mstari wa mia na kumi na mbili," akasema Gundi.

"Inasemaje?"

"Inasema hapo kuna neno ambalo haikulitarajia."

"Neno gani?"

"Haijasema. Inasema tu haikulitarajia. Nisomee mstari wenyewe."

Mhakiki akatafuta ukurasa, akapitisha kidole. Mstari ulikuwa wa watumiaji, mmoja wa wanne waliokuwa kwenye orodha. "Watumiaji, nukta, marehemu fundi, reli mbili, fungua masharubu."

Gundi akatazama kioo. "Ndivyo nilivyochapa."

"Basi mashine ndiyo imekosea."

"Soma tena, Mama."

"Watumiaji. Nukta. Marehemu fundi. Reli mbili. Fungua masharubu."

Vililingana. Gundi akaufuta mstari wote, akauchapa upya, akasema jenga. Mia na kumi na mbili. Akahesabu masharubu kutoka juu mpaka chini, yakatoshana. Akatafuta nukta-mkato za jirani, zote zilikuwepo. Saa nne ikapita. Mkurugenzi akapita mlangoni mara mbili, mara ya pili akiwa na simu mkononi. Saa tano kasorobo akaingia.

"Vijana wamenipigia. Wako njiani."

"Si umesema saa sita?" akasema Gundi.

"Saa sita ni saa sita. Nawajulisha tu." Akatazama kioo ambacho hakukielewa. "Gundi, umejitahidi. Kaka yako mwenyewe angesema umejitahidi."

"Kaka angesema kuna kosa mstari wa mia na kumi na mbili."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu ni kweli angesema hivyo. Akatoka.

Gundi akakaa ameinamisha kichwa. Alikuwa amechoka, na kwa uchovu akamwuliza Mhakiki kitu ambacho angepaswa kukiuliza tangu asubuhi.

"Mama, nisomee kama Kiingereza. Herufi kwa herufi."

"Mstari wote?"

"Kuanzia ile nukta."

Mhakiki akaweka kidole. "Nukta. F. U. N. D. I. Nafasi. Reli mbili."

Gundi alisubiri. "Rudi nyuma kidogo. Kabla ya F kuna nini?"

"Nimeshasema. Nukta."

"Kati ya nukta na F."

"Hakuna kitu kati ya nukta na F."

"Marehemu iko wapi?"

Kidole cha Mhakiki kikarudi, kikapita, kikarudi tena. Kikakaa juu ya F bila kusogea. Nje kwenye korido mtu alikuwa anaburuta kiti, akaacha kukiburuta.

"Haipo," akasema Mhakiki.

"Umeisoma mara tano."

"Kidole kimesoma fundi. Mdomo ndio ulioongeza." Alikuwa mtu aliyekalia makosa ya wengine kwa miaka ishirini, na hakujua la kufanya na lake. "Mwanangu, mtu utamtajaje hivi hivi tu, na amekufa? Ulimi umekataa."

"Na mimi nimesikia, nikachapa, sikuona ajabu yoyote," akasema Gundi. "Nimelitazama neno hili tangu asubuhi. Nimeliona ni sehemu ya jina lake."

"Mashine inasema haikulitarajia?"

"Ndiyo."

"Hata sisi hatukulitarajia," akasema Mhakiki.

Ilibaki kulifuta. Herufi nane na nafasi moja, mara tisa kubonyeza. Gundi aliweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa. Kwa siku ishirini na moja alikuwa amelitamka neno lile kwa watu, akaliandika kwenye fomu za kila ofisi, akalisikia likisomwa kanisani, na kila mara lilikuwa linaingia kidogo zaidi. Ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kukaa. Sasa alitakiwa aliondoe ili kitu kifanye kazi. Alimwomba Mungu amwelewe, halafu akakumbuka kwamba Mungu hahitaji kuelezwa mambo ya kompyuta, akabonyeza. Alibonyeza moja moja, akihesabu. Kwenye kioo kaka yake akabaki fundi, peke yake, kama alivyojiandika.

Akasema jenga.

Mashine ilikaa kimya muda mrefu. Kisha maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, mengi, upesi, kurasa kwa kurasa. Yalipoisha kompyuta ilizima yenyewe, ikajiwasha, ikauliza jina. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano.

Ukurasa wa kwanza wa mtihani ulitoka saa sita kasoro dakika nane. Mhakiki aliupokea ungali na joto, akaupitisha vidole mpaka katikati, mahali ambapo samaki hupenda kupanda, akavuka, akafika chini. Hakuukunja.

"Nusu ya nane," akasoma, "jumlisha robo ya kumi na mbili. Hili hata mimi ningelipata."

Mkurugenzi aliingia saa sita kamili kwa saa ya kompyuta, yaani saa sita kasoro dakika tatu. Alisikiliza mashine ikigonga. Alienda nje kuongea na wale vijana, na walipoondoka alirudi akasimama karibu na meza ya Gundi.

"Nina swali la kiofisi," akasema. "Kwenye watumiaji, jina lake bado limo. Si litolewe?"

Gundi alikuwa ameshaanza kupanga kurasa. "Faili zote za kiwanda ziko chini ya jina lake. Ukimtoa, hazina mwenyewe."

"Lakini hayupo."

"Kwenye faili yumo."

Mkurugenzi akafikiri. "Nilikuwa nauliza tu," akasema. "Na ile ruhusa yangu ya kuweka programu?"

"Hiyo haimo."

Mtihani ulikwisha kuchapwa Ijumaa adhuhuri, ukahakikiwa, ukajalidiwa, ukaondoka. Asubuhi ya siku hiyo, saa mbili kasoro, trei ilikuwa na karatasi moja. Gundi hakuitandika. Alimpelekea Mhakiki.

"Hizi zina nini, Mama? Miaka yote hii."

Mhakiki akagusa. "Habari za asubuhi," akasoma. "Usimwage gundi." Akamrudishia. "Kila siku ni hayo hayo. Nilidhani unajua."

Jumatatu, saa ambayo watoto arobaini na mmoja walikuwa wanasoma hesabu zao wenyewe, Gundi alifungua faili. Alishuka mpaka mstari wa mia na kumi na mbili. Hakugusa kitu. Alienda mwisho kabisa wa mstari, baada ya masharubu, akaweka reli nne, na baada yake akaandika neno moja. Akasema jenga. Mashine ikajenga bila kuuliza.

Na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sheria, alichapa faili lote upya kwa nukta nundu, kurasa sitini na moja, akampa Mhakiki ahakiki kabla hajalijalidi. Mhakiki alisoma kimya, kama alivyosoma daima. Kwenye ukurasa wa ishirini na nane kidole chake kilipita juu ya jina, kikapita reli mbili, kikapita masharubu, kikafika mwisho wa mstari, kikasimama.

"Marehemu," akasema.

"Limo?" akauliza Gundi, akiwa tayari na kitambaa cha kijani.

"Mimi nasoma kilichopo," akasema Mhakiki, akafungua ukurasa uliofuata.